Dawa ya kutu iliyokula patasi za baba

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka hasira zipoe kwanza. Hazijapoa.

Nilirithi patasi na tupa za marehemu baba, zote zimejaa kutu ya miaka. Nikanunua dawa hii ya chupa kwa sababu karatasi yake inasema "salama kwa vyuma vyote" na "loweka usiku kucha". Nikafanya vilevile. Asubuhi kutu imeisha kweli, sikatai. Na chuma nacho kimeisha! Patasi kubwa, ile ambayo baba alikuwa hataki hata tuiguse, imetobokatoboka uso mzima kama imeliwa na mchwa, na makali yake yamekuwa meno ya msumeno. Nitainoa mpaka lini?

Halafu spana zangu. Zilitundikwa ukutani juu ya ndoo, kavu, safi, dawa haikuzigusa hata tone. Zote zimeota kutu mpya ya rangi ya machungwa usiku uleule. Ndipo nikasoma maandishi ya nyuma ya chupa, madogo kama chawa: asidi hidrokloriki. Mvuke wake tu unatosha kutia kutu chuma kilicho karibu. Jambo kama hilo huandikwa mbele, kwa herufi kubwa!

Nikampigia muuzaji. "Mzee, chuma cha zamani ndivyo kilivyo." Akakata simu. Akanikatia simu!

Dawa yenyewe niipe haki yake: tupa zilitoka zinauma kuliko zilivyoingia, maana asidi huchimba katikati ya meno. Na bawaba niliyoichovya baadaye kwa dakika chache ilitoka safi. Nilikuwa tayari kuipa nyota mbili. Lakini nikiitazama ile patasi, hapana. Moja, na hiyo ni ya tupa.

Patasi moja ilinusurika kwa kuwa niliisahau sandukuni. Hiyo nimeilaza kwenye siki ya kawaida siku nzima, nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaisuuza kwa maji yenye magadi soda, nikaikausha na kuipaka mafuta ya mashine hapohapo, kwani ukizubaa kidogo inarudia kutu ukiiona. Sasa inakata mbao vizuri kabisa. Ila ni ile ndogo, ambayo baba hakuitumia sana.