TAHADHARI: Ukiambiwa "gasketi imekufa" kwa sababu tu gari linakula maji, usitoe advansi

Ndugu zangu wenye magari ya siku nyingi, hasa IST, Vitz, Spacio, Raum, Probox na mengine ya aina hiyo, someni hili kabla hamjamkabidhi mtu funguo. Kuna mchezo unachezwa kwenye baadhi ya gereji hapa Dar es Salaam, na wanaoumia zaidi ni akina mama na vijana walionunua gari lao la kwanza. Gari linapunguza maji kidogo kidogo, unalipeleka gereji, na hata kahawa hujamaliza unaambiwa gasketi ya silinda hedi (sili iliyo kati ya bloku ya injini na hedi, yaani sehemu yake ya juu) imekufa, hedi ifunguliwe ikachongwe, na sehemu ya hela itangulie leo hii.

Limemkuta dada yangu. Ana Spacio yenye injini ya 1NZ iliyokwisha kupita kilomita laki mbili, anaitumia kupeleka watoto shule na kwenda kazini. Kitangi cha akiba cha kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) kilikuwa kinashuka, anaongeza, baada ya muda kinashuka tena. Mshale wa joto haukuwahi kupanda hata mara moja. Dalali aliyemuuzia gari ndiye aliyemwelekeza kwa "fundi wangu wa kuaminika". Makisio aliyopewa yalifika laki tisa, na alishatoa laki tatu za kuanzia kabla hajanipigia simu. Gereji siitaji jina, ila mtindo wao nautaja wote, maana watu waliopita gereji nyingine kabisa wamenisimulia hadithi hiyo hiyo.

Mtindo wenyewe ni huu. Wanakuomba ukae pembeni "wakague chini". Kijana analala chini ya gari, analegeza koki ya rejeta, anamwaga maji kiasi. Kisha wanafungua mfuniko wa rejeta, wanawasha injini, wanakanyaga mafuta. Mapovu yanatoka. Hapo ndipo mwenye gari anaitwa: "Dada, njoo ujionee mwenyewe. Unaona upepo huo? Kompresheni imeingia kwenye maji. Ukiendelea kutembea nalo hivi utaua injini." Nilipofika niliinama nikamulika na simu. Chini ya koki kulikuwa na dimbwi bichi la maji ya pinki, na koki yenyewe ilikuwa na alama mpya za plaizi, nyeupe kabisa juu ya plastiki iliyojaa vumbi. Asubuhi gari lilitoka nyumbani na pale alipoliegesha palikuwa pakavu.

Mapovu hayo ni hewa tu. Ukimwaga maji, hewa inashika nafasi yake, na ukiwasha gari mfuniko ukiwa wazi lazima itafute njia ya kutoka. Kwenye injini hizi themostati (kilango kinachozuia maji yasizunguke mpaka yapate moto) hufunguka kwenye nyuzi joto themanini na kitu, maji yanaanza kuzunguka, unajazia, na mapovu yanakwisha. Mapovu ya gasketi iliyokufa kweli hayaishi. Gari likishajaa maji na kupata moto bado yanatoka, na ukikanyaga mafuta yanazidi. Kuna dalili nyingine ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua kwa mkono: washa injini iliyolala usiku kucha, mfuniko ukiwa umefungwa, kisha baada ya dakika moja au mbili minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama umejazwa upepo wakati maji bado ni baridi, hapo una sababu ya kuwa na wasiwasi na gasketi. Ukiwa laini, bado hakuna aliyethibitisha chochote.

Ushahidi wa pili wanaoupenda ni "maziwa" chini ya kifuniko cha oili. Wanakifungua, wanakuonyesha utando wa rangi ya krimu, wanasema maji yameingia kwenye oili. Gari linalokwenda shule na kurudi, safari fupi kila siku, hukusanya unyevu pale juu kwa sababu injini haipati moto wa kutosha kuukausha. Chomoa stiki ya oili. Kama oili kwenye stiki ni safi na haijageuka kama chai ya maziwa, utando wa kifuniko peke yake hauthibitishi kitu. Moshi mweupe wa asubuhi nao ni hivyo hivyo: mvuke unaokatika gari likipata moto ni wa kawaida. Unaoendelea gari likiwa la moto, mzito, wenye harufu ya utamu utamu, huo ndio wa kufuatilia.

Lakini hoja inayowamaliza watu ni hii: "Mbona haimwagiki chini? Basi inaingia ndani ya injini." Inaonekana ina akili, ndiyo maana inakubalika. Ukweli ni kwamba mfumo wa maji wa gari hufanya kazi kwa presha. Tazama mfuniko wa rejeta yako, utakuta umeandikwa 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo presha unayoishikilia. Ufa mwembamba ambao haupitishi kitu gari likiwa baridi hufunguka presha ikipanda, tone linaangukia bloku ya moto na kukauka pale pale. Chini hapaonekani hata unyevu. Kinachobaki ni ukoko, mweupe au wa pinki kufuatana na rangi ya kulanti, na fundi wa kweli huutafuta huo kwa tochi kabla hajagusa spana.

Kipimo cha kudai ni cha presha. Kuna pampu ya mkono yenye geji inayofungwa kwenye mdomo wa rejeta badala ya mfuniko. Injini inakuwa baridi, maji yamejaa, unapampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko bila kuipita, halafu unasubiri ukitazama geji. Ikisimama robo saa bila kushuka, nao mfuniko upimwe, maana springi yake ikichoka hauzuii maji na gharama yake ni ndogo kuliko vyote. Ikishuka, maji yanatoka mahali fulani, na mara nyingi yatatoka mbele ya macho yako. Kama inashuka na nje hakuna kitu, papasa kapeti upande wa abiria wa mbele, kwa sababu hita (rejeta ndogo ya ndani ya gari) ikitoboka humwaga mle ndani (maji ya AC hayana rangi wala harufu, msichanganye). Kapeti nalo likiwa kavu, ndipo plagi zitolewe, gari liachwe na presha kwa muda mrefu, na silinda zikaguliwe kama kuna iliyolowa. Ipo pia dawa ya bluu inayovutiwa hewa ya juu ya maji ya rejeta: hewa hiyo ikiwa na moshi wa injini ya petroli, dawa inageuka manjano. Mtu anayetaka kufungua hedi yako bila hata kimoja cha vipimo hivi hajui ugonjwa wa gari lako, au anaujua na anakuficha.

Nilimwomba yule fundi apime presha. Alijibu, "Bosi, mimi uzoefu wangu ndio kipimo." Tuliliondoa gari. Fundi mwingine, kijana mtaratibu tu, alifunga pampu, mshale wa geji ukaanza kurudi polepole sana, akaenda upande wa mkanda na tochi. Tone la pinki lilikuwa linaning'inia kwenye kitundu kidogo chini ya wota pampu (pampu inayozungusha maji), na kutoka pale kulikuwa na mstari wa ukoko mkavu ulioshuka mpaka kwenye kava la chini. Kitundu hicho kimewekwa makusudi na waliotengeneza pampu: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee pale ili uone. Tulibadilisha pampu, gasketi yake na mkanda, na jumla haikufika laki mbili. Kitangi hakijashuka tena.

Kuhusu zile laki tatu, tuliambiwa "spea zimeshanunuliwa". Tukasema sawa, tupeni spea zetu tuondoke nazo. Hazikuwepo. Risiti nayo haikuwepo. Ilibidi twende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ndipo nusu ya hela ikarudi. Kwa hiyo hela ya spea ikitoka mkononi mwako, itoke dukani ukiwepo, na risiti iandikwe namba ya gari.

Wenye Kluger, Harrier, Alphard na Ipsum zenye injini ya 2AZ, kwenu hatari ni ya aina nyingine, na inaniuma zaidi kwa sababu hapo ugonjwa mara nyingi ni wa kweli ila tiba ndiyo ya uongo. Baadhi ya injini hizo, hasa za miaka ya mwanzoni mwa 2000, zinajulikana kwa nyuzi za bolti za hedi (mikato ya ndani ya tundu inayoshika bolti) kung'oka kwenye bloku ya alumini, upande wa nyuma. Hedi inakosa mkazo, maji yanavuja nyuma ya injini mahali ambapo huoni. Jirani yangu alibadilishiwa gasketi, gari likarudi, likaanza kula maji tena, akaambiwa gasketi ya kwanza ilikuwa feki, akalipa upya. Ukweli ni kwamba ukifunga gasketi mpya juu ya nyuzi zilizokufa hujatengeneza kitu. Tundu za bolti lazima zitobolewe upya na kuwekewa nyuzi za chuma. Uliza swali hilo moja, "nyuzi za bloku utazifanyaje?", na usikilize jibu. Na gasketi ya zamani uondoke nayo. Kuna gereji zenye gasketi moja iliyoungua ukutani, kila mteja anaonyeshwa hiyo hiyo.

Jambo jingine ni kulanti wanayokujazia baada ya kazi. Madumu yasiyo na nembo, rangi inang'aa vizuri, ndani ni maji ya rangi. Weka kidogo kwenye kikombe cha plastiki chenye mfuniko, kiandike, kiingie friza usiku kucha, mbali na chakula na watoto. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu haigandi kwenye friza ya nyumbani. Ikitoka barafu ngumu, huenda umeuziwa maji ya rangi. Na maji ya kisima yenye chumvi msiyatumie kabisa kama maji ya kila siku ya rejeta, yanakula alumini ya rejeta na wota pampu. Kulanti halisi ni sumu na ina ladha tamu, kwa hiyo isiachwe kwenye chupa ya soda. Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto, hata fundi akikuhimiza.

Kwa wanaotaka kununua: dalali akikuletea gari lililokwisha kuwashwa na kupata moto, mwambie utarudi kesho ulikute baridi. Angalia kama feni inazunguka muda wote tangu gari linapowashwa, maana huenda imeungwa dairekti kuficha tatizo la joto. Uliza themostati ipo au imetolewa. Rejeta yenye maji meupe matupu kwenye gari linalosifiwa kuwa "halijaguswa" imeguswa.

Kama hivi sasa gari lako liko kwenye gereji ya namna hii na hedi bado haijafunguliwa, nenda leo. Piga picha injini ilivyo, dai kipimo cha presha ukiwa umesimama hapo, na wakikataa, tafuta gari la kuvuta ulitoe. Aliyekwisha kutoa hela bila risiti aanze na serikali ya mtaa. Spea au kulanti feki zipelekwe Tume ya Ushindani (FCC, inayoshughulikia bidhaa bandia) pamoja na boksi au dumu lake, msilitupe.