Raba ya kukimbilia: usidanganywe na usafi wa juu

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo niko nyumbani Moshi, meza imejaa viatu, na huyo jogoo wa jirani mtamsikia tu, mvumilieni.

Nina jozi tatu. Hii ya bluu niliiokota Memorial, kwenye mitumba, 35,000. Angalieni juu: neti safi, haina doa. Mangi aliyeniuzia aliapa haijavaliwa hata mara mbili. Nikapanda nayo Mweka, kule juu mlimani, asubuhi moja, na wakati wa kuteremka magoti yakaniambia ukweli.

Ngoja nisogeze kamera. Hapa chini kuna mpira mweusi unaogusa lami. Juu kuna neti. Katikati ni hili sponji jeupe, na humu ndimo kiatu chenyewe kilimo, hayo mengine ni nguo yake. Mara nyingi ni EVA, povu lenye vishimo vidogo vidogo vya hewa. Kila hatua inavibana, na vikishachoka havifumuki tena. Mnaiona hii mikunjo iliyolala ubavuni? Nabonyeza na dole gumba... ubao. Sasa njoo kwenye hii ya kijivu, mtumba mwenzake. Mpira umelika kisigino, sura mbaya kabisa, lakini nikibonyeza inazama, inarudi. Kati ya hizi mbili mimi nabeba ya kijivu. Halafu uziweke mezani, uzitazame kwa nyuma. Ya bluu imelalia ndani; aliyeivaa kabla yangu ameniachia mwendo wake.

Na mpya iliyokaa dukani miaka usiiamini kwa kuwa ina boksi. Povu hukakamaa lenyewe, gundi nayo hukauka.

Tuje kwenye namba, maana kila siku mnaniuliza. Navaa 42, hizi zote tatu ni 42, na moja inanibana. Kila kiwanda kina kalibu yake, yaani umbo la mguu wanalolishonea kiatu. Kwa hiyo toa hii soli ya ndani, iweke sakafuni, simama juu yake. Ona kidole changu kidogo kimemwagika nje. Ikiwa kinamwagika hapa, ndani ya kiatu kinasukuma neti, na hutafika mbali kabla ya malengelenge. Mbele acha nafasi ya upana wa dole gumba, ukipima kutoka kidole kirefu zaidi. Kwa wengine ni cha pili, si kile kikubwa! Kupanda Mweka hutaona tatizo. Ni ule mteremko wa kurudi mjini: mguu unateleza mbele, vidole vinagonga, kesho kutwa kucha nyeusi. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi zako za mazoezi.

Nyuma, hiki kikombe kigumu kinapaswa kushika kisigino. Tembea, panda ngazi ya duka. Kisigino kikinyanyuka, usikimbilie kukaza kamba zote. Mnaona haya matundu mawili ya juu yaliyokaribiana? Watu wengi huyaruka. Pitisha kamba kutoka tundu moja hadi la pili upande huohuo, ibaki pete ndogo, kisha vusha kamba ya upande wa pili ndani ya pete. Vuta. Kisigino kimetulia, vidole viko huru.

Hii ya tatu, mpya, soli nene kama tofali. World Athletics, wasimamizi wa riadha duniani, wameweka kikomo cha unene wa soli, milimita 40 kwa mashindano ya barabarani, kwa hiyo unene huo hauji bure, unasaidia kweli kwenye lami. Ila njia zangu ni za vumbi na mawe, na jana imenipindisha kifundo mara mbili. Nitaitunza kwa siku za lami. Ya kijivu ndiyo ya kila siku, na ya bluu itanipeleka sokoni.