Uzoefu wangu: nyumba yenye sola, hita ya jua na matangi ya mvua, Bunju. Kipi ulipie, kipi usilipie

Nyumba ninayoishi Bunju iliuzwa na vitu vinne ambavyo madalali wa Dar es Salaam siku hizi huvitanguliza kwenye tangazo: sola, hita ya maji ya jua, matangi ya kuvunia mvua, na paa lisiloingiza joto. Nimeitumia masika na kiangazi. Hukumu yangu ni kwamba paa na tangi la chini ya ardhi vinastahili bei kamili, sola ilipiwe kwa kadiri ya umri uliobaki kwenye betri, na hita ya jua, kwa Dar, isiongeze hata shilingi kwenye bei.

Nianze na sola, maana ndiko pesa nyingi hupotelea. Muuzaji hupenda uje saa 6 mchana, uone paneli zinang'aa na kioo cha inveta (mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani) kimejaa namba. Saa hiyo hata mfumo uliochoka unaonekana mzima, kwa sababu mzigo unabebwa na jua, si betri. Omba kurudi saa 1 usiku. Zima breka kuu ya TANESCO, washa friji, pangaboi 3, TV na taa, jumla kama wati 400, halafu kaa saa mbili ukitazama volti za betri.

Hapa kwangu kuna betri 4 za jeli, volti 12, Ah 200 (saa za ampea, yaani ujazo wa betri) kila moja, zimeungwa mfululizo kupata volti 48. Kwenye karatasi hizo ni uniti 9.6, lakini za jeli ni jamii ya betri za risasi na asidi, ambazo hazitakiwi kushushwa zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu uniti 4.8, na inveta nayo hula chake humo humo. Seti nzima iliyojaa husimama karibu na volti 51, na baada ya saa mbili za mzigo huo haipaswi kuwa chini ya 49. Ikigusa 48 mapema, hesabu bei ya nyumba kana kwamba betri hazipo, kwa sababu utazinunua mpya muda si mrefu. Angalia pia zimewekwa wapi. Betri za aina hii hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi joto 10 zaidi ya 25, na stoo isiyo na dirisha, Dar ya Februari, hufika 35 kirahisi.

Za lithiamu hazisomeki hivyo. Volti yake hubaki 52 au 53 muda mrefu, kisha huanguka ghafla mwishoni. Hizo fungua menyu ya betri kwenye kioo au kwenye simu, usome mizunguko (ya kujaza na kutumia) iliyokwisha kutumika na asilimia ya afya. Moja ya volti 51.2, Ah 100, ina uniti 5.12, na asilimia 80 hadi 90 ya hizo zinatumika bila kuiumiza.

Mchana nao una kipimo chake. Paneli 4 za wati 550 ni wati 2,200. Kati ya saa 5 na saa 8 mchana, anga ikiwa safi, tegemea 1,500 hadi 1,800. Lakini betri zikiwa zimejaa, inveta hujipunguza yenyewe na kioo kitaonyesha wati 300 tu. Wanunuzi wengine huona hivyo wakasema paneli mbovu. Washa pasi na jagi la kuchemshia maji ndipo usome. Zisipopanda hapo, tafuta kivuli: kivuli cha jani moja la mnazi kikiangukia paneli moja huweza kushusha zote zilizoungwa nayo kwenye mstari mmoja. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mlalo wa nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini unatosha, na mvua inapata mteremko wa kuosha vumbi. Mapaa mengi ya sasa ni makali kuliko hapo, na paneli zilizowekwa upande wa kusini wa paa kali huzembea sana Juni na Julai. Panda ngazi utazame skrubu. Ziwe juu ya mgongo wa bati, zimeshika mbao za kenchi, na zina washa za mpira. Zilizopigwa bondeni zitavuja masika ya kwanza.

Kipimo kisichodanganya kirahisi ni historia ya manunuzi ya LUKU ya miezi 12. Nyumba inayodai kujitegemea kwa umeme huku ikinunua uniti 200 kwa mwezi haijitegemei. Hakikisha tu kwamba hakuna mita ya pili kwenye banda la uani.

Paa ndilo ninaloliheshimu kuliko vyote, na ndilo ambalo tangazo lililitaja kwa maneno mawili tu. Bati ni la rangi ya krimu, upenu umetokeza sentimita 90, kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, na kila chumba kina madirisha pande mbili. Juu ya silingi bodi kuna foili, yaani karatasi ya alumini inayorudisha joto. Ingia kwenye mlango wa dari na tochi uhakikishe imewekwa sawasawa: foili iliyogandana na bati haifanyi kazi, inataka nafasi ya hewa ya sentimita 2 na nusu hivi upande wake unaong'aa. Nenda saa 9 alasiri, weka kiganja kwenye silingi bodi. Ikiwa ya moto kwa kugusa, usilipie maneno. Kwangu hapa kiyoyozi hakihitajiki isipokuwa usiku wa Januari na Februari, na paa halina sehemu inayochakaa baada ya miaka mitano kama betri.

Maji ya mvua yana hesabu nyepesi: milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, toa asilimia 20 inayopotea. Paa la mita za mraba 160 hutoa lita 128 kwa kila milimita. Maana yake tangi la lita 5,000 linajazwa na mvua ya milimita 40, yaani mvua moja kubwa ya Aprili, na nyingine yote inamwagika kwa jirani na barabarani. Inaniuma kuona nyumba mpya zenye mapaa makubwa namna hii zikinunua maji ya maboza mwezi Mei. Watu watano wakitumia lita 80 kila mmoja, lita 5,000 zinaisha siku ya 13. Kwa hiyo simtanki moja ukutani ni akiba ndogo, haiwezi kuuzwa kwa jina la kujitegemea. Tangi la zege la lita 30,000 chini ya ardhi ndilo linalobadilisha maisha. Lipime: lijaze, weka alama ya maji, funga koki zote, rudi baada ya saa 24. Liwe angalau mita 15 kutoka shimo la maji taka.

Udhaifu niliokuta ni bomba la kutupa maji ya kwanza. Paa hili linahitaji kutupa kama lita 80 zenye vumbi na kinyesi cha ndege kabla ya kuingiza tangini. Bomba la milimita 110 hubeba kama lita 9 kwa mita. Fundi alikuwa ameweka mita moja.

Hita ya jua ni ya mirija ya kioo, lita 200. Arusha, Mbeya au Nairobi ningeilipia: kupasha lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi 45 ni uniti 3 na kidogo kila siku. Dar maji ya bombani ni vuguvugu tayari, na maji ya kisima yenye chumvi hula tangi la hita iwapo nondo ya magnesiamu iliyo ndani, inayoliwa na kutu badala ya tangi, haibadilishwi.

Kwenye mkataba wa mauziano orodhesha inveta, betri, paneli na pampu kwa modeli na namba zake, pamoja na maneno kwamba havitang'olewa. Siku ya makabidhiano dai nywila ya mipangilio ya inveta na akaunti ya programu ya simu ihamishiwe kwako. Bila hizo huwezi hata kubadilisha aina ya betri, na fundi aliyefunga atakutoza kwa kila bonyezo. Ukiwa ndiwe muuzaji, weka risiti, tarehe za kufungwa na dhamana kwenye faili moja, na udai bei ya vifaa inayouzwa leo dukani, ukitoa miaka iliyotumika. Ile uliyolipa zamani hakuna atakayekurudishia, kwa sababu paneli zimeshuka bei sana.