Kihariri cha bloku au cha zamani: uzoefu wa tovuti ya wafuga nyuki wa Tabora

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza tovuti ya kikundi cha wafuga nyuki hapa Tabora, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kupandisha bei za asali na nta, picha za mizinga, na taarifa za mikutano ambazo katibu wetu huziandika kwa kirefu kana kwamba anamwandikia mkuu wa mkoa. Tovuti inatumia WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti. Tangu toleo la 5.0 lilipotolewa tarehe 6 Desemba 2018, kihariri chake cha kawaida, yaani sehemu ya kuandikia na kupanga kurasa, ni kile cha bloku, kilichopewa jina la Gutenberg, mpiga chapa wa Mainz. Anayetaka cha zamani hana budi kusakinisha programu-jalizi (programu ndogo ya nyongeza) ya Classic Editor, ambayo ni ya bure na ambayo watengenezaji wameahidi kuitunza kadiri itakavyohitajika.

Kihariri cha zamani ni sawa na karatasi moja ndefu. Unaandika, unakoleza wino, unahifadhi, basi. Kwa maandishi matupu sijaona kinachokishinda, tena hufunguka upesi hata siku ambazo mtandao unasuasua. Shida huanza picha zinapoingia. Ukurasa wetu wa bidhaa una picha ya ndoo ya lita 20, picha ya chupa ya asali ya nyuki wadogo, na jedwali la bei. Kila nilipoongeza mstari mmoja juu, picha ilisogea pembeni na maneno yakaizunguka, hata bei ya nta ikaonekana kama maelezo ya chupa.

Katika kihariri cha bloku, kila aya, picha na jedwali ni kipande kinachojitegemea, kinachoweza kuhamishwa juu au chini bila kuvuruga jirani yake. Ukiandika alama ya mkwaju mwanzoni mwa mstari mtupu, orodha ya bloku hujitokeza hapo hapo. Lakini kilichonishawishi hasa ni uwezo wa kuhifadhi bloku na kuitumia katika kurasa nyingi: jedwali letu la bei limo katika kurasa nne, na bei inapobadilika msimu wa kurina nalibadilisha mara moja tu, kurasa zote nne zikafuata. Zamani nilikuwa nikisahau ukurasa mmoja, na mteja akaja na bei ya mwaka jana mkononi, nami sina la kumjibu.

Hata hivyo, siwezi kumlazimisha katibu. Kwake kila aya kugeuka kisanduku chenye vitufe vyake ni usumbufu, na kwa taarifa ya aya kumi na mbili zisizo na picha hata moja, nadhani ana haki. Programu-jalizi ya Classic Editor inamruhusu msimamizi kuviacha vihariri vyote viwili vitumike, na kila ukurasa hufunguka katika kihariri kilichotumika mara ya mwisho. Ndivyo nilivyopanga.

Mpango huo una mtego mmoja. Bloku hutambuliwa kwa alama zilizofichwa ndani ya maandishi, zinazoanza na <!-- wp:, ambazo msomaji wa tovuti hazioni. Siku moja katibu aliufungua ukurasa wa bidhaa kwa kihariri cha zamani, akaingia upande wa msimbo, akaziona, akadhani ni takataka, akazifuta moja baada ya nyingine kwa uangalifu mkubwa. Kwa wageni ukurasa ulibaki vilevile, ila nilipoufungua mimi, aya na picha zote zilikuwa zimegandamana kuwa donge moja. Niliurudisha kutoka kwenye nakala za marekebisho zinazohifadhiwa na WordPress, kisha nikamwomba mzee wangu kurasa za bidhaa aniachie mimi.

Makala za miaka ya nyuma sijazigusa. Zinafunguka zikiwa bloku moja ya Classic, yaani maandishi yote katika kipande kimoja, na kitufe cha kuzigeuza kuwa bloku mbalimbali nimekibonyeza mara moja tu, kwenye taarifa iliyokuwa na jedwali lililobandikwa kutoka Word. Nilitumia alasiri nzima kulipanga upya, safu kwa safu.