Duka la vifaa vya hospitali Chake Chake, Pemba, wenye mgonjwa wa uti wa mgongo liendeeni

Kaka yangu alianguka mkarafuu msimu wa mwaka juzi, uti wa mgongo ukaumia, miguu haina nguvu na mkojo unatoka wenyewe. Watu wanaona miguu tu ila ukimuuliza yeye atakwambia mkojo ndo ulomfungia ndani. Pampasi za mwanzo nilinunua duka jengine, muuzaji akapaza sauti mbele za watu "za mtoto au mtu mzima?" nikatoka nimeinamisha kichwa na sijarudi tena.

Hapa Chake dada alonihudumia alinivuta pembeni akaniuliza taratibu mgonjwa ana nini, nikamwambia anavuja mchana kutwa, akanambia kuvuja si dalili kwamba kibofu kitupu, mishipa ya fahamu ikiumia kibofu chaweza kujaa mpaka kikafurika na mkojo ukirudi nyuma unaharibu figo, basi mrudishe kwa daktari kwanza. Angeweza kuniuzia katoni zima la pampasi jamani, hakuniuzia hata moja.

Kweli, kibofu kilikuwa kimejaa. Nesi akamfundisha kaka kujitia mpira wa kutolea mkojo mwenyewe, ule mwembamba wa kuingiza na kutoa sio wa kukaa na mfuko, kila baada ya saa nne mpaka sita. Tukarudi dukani kuchukua mipira saizi namba 12 na jeli ya kuilainisha. Mama aliogopa sana, kitu cha hospitali utakifanyaje chooni kwenu, kumbe tokea 1972 daktari wa Marekani Jack Lapides na wenzake walishaonesha kuwa usafi wa kawaida unatosha, muhimu kibofu kisijae kupita kiasi.

Saivi simu ikilia kumkumbusha saa imefika, kaka anasukuma kigari chake mwenyewe, ananawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, anapaka jeli pole pole, na ukikaa nje unasikia mkojo unaingia koponi. Ijumaa ilopita kenda msikitini, mara ya kwanza tokea aanguke, alikuwa anaona haya kukaa kwenye safu na ile harufu.

Kasoro ipo. Namba 12 zinaisha haraka na mpaka meli ilete kutoka Unguja ni siku kadhaa, na mgonjwa hawezi kusubiri meli, kwa hiyo pigeni simu kabla na mkipata chukueni za mwezi mzima. Bei si ndogo, sisi tunachangishana ndugu wanne.