Kayaki ipi ununue kwa maji ya pwani yetu

Kabla ya kuuliza bei, jiulize mawili. Chombo kikipinduka penye kina, utaweza kukipanda tena peke yako? Na maji yakipwa, nani atakibeba? Kwenye hori za Mida na Kilifi, yaani mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ulipoelea asubuhi huwa tope mchana. Nimepanga vyombo vitano, kayaki na vingine, kwa kufuata maswali hayo.

1. Kayaki ya kukalia juu. Kwa anayeanza, sioni mshindani. Ni plastiki iliyofungwa pande zote, na ina matundu yanayotoa maji yenyewe. Ikipinduka unaigeuza, unalaza kifua juu yake, unapiga miguu kama unaogelea, umepanda. Hakuna kukumba maji. Utalowa, lakini kwa joto letu hilo si tatizo. Ya mtu mmoja huwa na mita 3 na kidogo na kilo 20 hadi 30, kwa hiyo jaribu kuinyanyua hapo hapo dukani. Kikomo cha uzito kilichoandikwa usikitumie chote. Hesabu thuluthi mbili tu. Mtu wa kilo 90 kwenye kayaki ya kilo 100 ataketi ndani ya maji.

2. Ngalawa ndogo. Mirengu yake, yale magogo ya pembeni, huizuia kupinduka, na fundi wa kuitengeneza yuko kijijini. Shida ni uzito: bila watu wa kukusaidia kuivuta, itabaki mchangani.

3. Kayaki ya kujaza upepo. Inamfaa anayeishi ghorofani, maana hukunjwa ikaingia begini. Lakini chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko ni wembe, na kusi ikivuma huipeperusha. Chagua yenye vyumba vya hewa visivyopungua vitatu, na usiiache juani imejaa pomoni.

4. Kayaki ya kuingia ndani. Ina kasi na haikulowanishi sana. Ikipinduka, inajaa maji. Usiinunue kama haina vyumba vilivyozibwa mbele na nyuma.

5. Mtumbwi wazi wa Kikanada. Hubeba familia na hema, lakini kingo zake ndefu hushika upepo. Mahali pake ni ziwani asubuhi kukiwa shwari. Ukiupeleka Naivasha, nenda na mwenyeji anayejua viboko walipo.

Ukinunua iliyotumika, pindua chombo utazame chini kwa nyuma, pale panapoburutwa. Plastiki ikiwa nyembamba hapo, achana nayo. Rangi iliyopauka na kutoa unga ni dalili ya jua kula plastiki. Kisha itikise: ukisikia maji ndani, kuna ufa, au kizibo hakikazi.

Usimalize pesa zote kwenye chombo. Tenga za jaketi okozi linalokubana vizuri na kasia jepesi, kwa sababu kasia zito litakuchosha mabega kabla hujafika nusu ya hori, na kurudi dhidi ya mkondo bado.