Injini ya ndani kwa mashua ya mbao ya kujijengea: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Usianze na nguvu za farasi. Anza na uzito wa mashua na urefu wake pale maji yanapofika ubavuni. Mashua nzito yenye mita 6 majini hufikia kilomita 11 hivi kwa saa, basi. Ukiifungia injini kubwa zaidi, shetri (nyuma) inadidimia, omo (mbele) inanyanyuka na mafuta yanateketea bure. Farasi 3 au 4 kwa kila tani zinatosha, hata upepo ukiwa wa mbele.

Namba moja kwangu, bila kusita, ni dizeli ndogo ya majini ya silinda mbili, farasi 10 hadi 15. Silinda moja ni nyepesi na rahisi, lakini hutikisa mno, na mtikisiko huo hulegeza skrubu na kufungua maungio ya mbao mwaka hadi mwaka. Beta Marine na Nanni hujenga injini zao ndogo juu ya injini za Kubota, watengenezaji wa matrekta. Vetus na Solé wametumia za Mitsubishi. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu filta na gasketi nyingi utazipata hata kwa wauza spea za matrekta na jenereta. Chagua inayopozwa kwa maji yasiyo na chumvi yanayozunguka ndani, huku maji ya bahari yakipita kwenye kipoza joto tu. Chumvi ikipita ndani ya bloku, inaitafuna.

Namba mbili ni dizeli ya aina hiyohiyo iliyotumika. Isikilize ikiwashwa ikiwa baridi kabisa. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inayoungua. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake: achana nayo.

Umeme nauweka wa tatu, ingawa kwa safari fupi ziwani au mtoni ningeupandisha hadi wa kwanza. Hauna moshi, hauna kelele. Ila betri za kilowati-saa 10, ukienda taratibu kwa kilowati 2, zinakupa saa 5. Ukikaza mwendo, saa hizo zinayeyuka haraka sana. Za risasi za kiasi hicho zina uzito wa kilo 300 hivi, nazo hazifai kumalizwa chaji yote.

Petroli ni ya nne. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani, yaani chini kabisa ndani ya mashua, na kukaa humo ukingoja cheche. Ukiichagua, feni ya kutoa mvuke ni lazima, na uiwashe dakika kadhaa kabla ya injini.

Ya mwisho ni injini ya petroli iliyong'olewa kwenye gari. Inavutia kwa bei, lakini starta na altaneta yake hazikufunikwa kuzuia cheche, na humo ngamani hilo linaua. Usiifunge.

Kabla ya kulipa, omba mchoro wa vipimo, tengeneza umbo la injini kwa plaiwudi na uliweke juu ya vitako vyake, yaani mbao zitakazoibeba injini. Je, mkono unafika kwenye filta ya oili na impela ya pampu? Halafu pima chini: kati ya ncha ya rafadha (propela) na mbao za mashua iachwe nafasi ya angalau sehemu moja ya kumi ya kipenyo chake. Giaboksi ya kupunguza mzunguko mara mbili hutaka rafadha pana, kwa hiyo kipimo hicho kichukue kabla hujatoboa tundu la shafti.